Jinsi Tunavyozikana Betania

Ilikuwa mara ya tatu siku hiyo, na saa sita haijafika, Naomi Apiyo anasimama langoni Betania kumwaga maneno yaleyale. Karibuni kijiji cha Wamoravian. Wamisionari walifika hapa mwaka wa 1934, wakakuta nyasi na nyati. Wakajenga kanisa, nyumba ya ndugu, nyumba ya dada, tanuri la mikate, na safu ya nyumba kumi na mbili za mawe. Tutembee polepole, tafadhali, njia ina utelezi.

Nyasi na nyati! Kana kwamba mawe yalijichonga yenyewe, yakajibeba kutoka mtoni, yakapandana. Fundi Zablon, baba yake Naomi, alitoka upande wa ziwa akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, akayachonga mawe hayo mpaka vumbi likamjaa kifuani, na vumbi hilo ndilo lililomuua. Lakini brosha ya kamati inayosimamia kijiji haina vumbi, na Naomi alilipwa aseme ya brosha. Miaka kumi na moja ameyasema. Siku nyingine huyasema huku akiwaza kama ameacha sufuria motoni.

Leo goti la kushoto lilikuwa limevimba. Mvua za Novemba hazikuwa zimeamua kunyesha wala kuacha. Nyuma yake walikuja wanafunzi kumi na wawili kutoka chuo cha Chepkoilel, wakiongozwa na msichana mmoja mchangamfu aitwaye Vivian. Nyuma ya wanafunzi alitembea Edwin, katibu wa kamati, na mwavuli wake mweusi. Na nyuma ya wote, mtu mmoja mwembamba aliyekumbatia faili ndani ya koti. Huyo ndiye aliyemnyima Naomi usingizi. Alikuwa Brian Oluoch, ofisa wa ardhi.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kamati ilitaka kugeuza ile safu ya nyumba kuwa vyumba vya wageni, vyenye maji moto na vitanda vya mbao nyeusi. Waliokuwa wakiishi humo waliambiwa watatafutiwa mahali Yamumbi. Nani atatafuta, na lini, hakuna aliyesema. Wakazi wakaandika barua: sisi si wapangaji, sisi ni wa hapa, wazee wetu walijenga hapa na wakafia hapa. Barua ikazunguka ofisi mwaka mzima, na sasa ofisa amekuja kuona kwa macho. Akiandika kwamba ni wenyeji, watakaa. Akiandika kwamba kanisa liliwahifadhi tu, Januari inawakuta wakibeba magodoro.

"Nataka kwanza niende na wageni," ofisa alikuwa amesema asubuhi. "Nione vile mnaonyesha watu."

Edwin alikuwa amemvuta Naomi kando. "Mama, leo usiongeze chumvi. Sema tu ile unasemanga."

Wakaingia kanisani, wakatoka. Wakaona tanuri. Wakapita nyumba ya dada, wakacheka walipoambiwa kwamba zamani mvulana hakuruhusiwa kupita upande huu baada ya kengele ya jioni. Kisha wakafika kwenye safu. Mbele ya nyumba namba saba Naomi alisimama kama kawaida, akaonyesha kizingiti cha jiwe moja, akaeleza jinsi kilivyochongwa. Hakusema kwamba kitanda chake kiko humo ndani. Kamati ilikuwa imekataza. Wageni wakijua wataanza kuchungulia madirishani.

Mlangoni pa nyumba namba nne alikaa Mwalimu Jemutai, mjane, amestaafu kufundisha shule ya Soy, akipukuchua mahindi kwenye turubai.

"Hao wanafunzi wako wamekonda, Apiyo! Uwaambie hapa tunakula."

"Pukuchua mahindi yako, Mwalimu."

"Napukuchua. Na huyo wa faili umpeleke kwa makaburi mbio mbio, kabla mvua imfukuze."

Wanafunzi wakacheka. Naomi hakucheka. Jemutai ndiye aliyekuwa amewaeleza wenzake mkutanoni: huku kwetu mtu akiulizwa yeye ni wa wapi, haonyeshi karatasi, anaonyesha kaburi. Karatasi hata mwizi anayo. Onyesha baba yako amelala wapi, watu watakuachia njia. Wote wakakubali. Naomi naye akakubali, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu alikuwa amechoka kubishana.

Akawapitisha nyumba namba kumi bila kusimama. "Hii ni stoo," akasema, kama asemavyo siku zote.

Makaburi ya Betania yako kwenye mteremko nyuma ya kanisa, na wenyewe hupaita Shamba la Mungu. Hakuna msalaba hata mmoja uliosimama. Kila jiwe limelazwa chini, bapa, la kipimo kimoja, awe askofu awe mchunga ng'ombe. Juu yake kuna jina la ubatizo, mwaka, na namba. Jina la ukoo halimo. Tena wafu wa huko hawalazwi na watu wa nyumbani mwao. Wanaume waliooa wana safu zao. Wajane wana zao. Wanawake waliolala kabla ya waume zao wana zao, wasioolewa zao, na watoto wako chini kabisa karibu na ua wa michongoma. Ndivyo walivyozikana Wamoravian wa kwanza huko walikotoka, na ndivyo walivyokuja kuwazika watu wa ziwa na watu wa mlima hapa.

Naomi alijiweka pale anapojiweka siku zote, akangoja simu zinyanyuliwe, akasema neno lake.

"Hapa hakuna baba, hakuna mama, hakuna mtoto wa mtu. Hapa hakuna familia. Kuna ndugu na dada tu, wanaongoja pamoja."

"Aki waoh," mmoja wa wanafunzi akasema polepole.

Ndipo ofisa akasogea mbele. Alitoa faili ndani ya koti, na ndani ya faili akatoa brosha, ile ya rangi, yenye picha ya kanisa.

"Mama, hii maneno umesema sasa hivi, naona iko hapa pia. 'Hapa hakuna familia.' Wameandika ni maneno ya mwongozaji wa kijiji. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa sababu niko na fomu." Akaigeuza ili aione. "Inauliza, makaburi ya familia: yapo ama hayapo. Barua yenu inasema yapo. Kamati imenipa hii brosha kama ushahidi kwamba hayapo. Na wewe jina lako liko kwa barua, namba tatu. Sasa niandike nini?"

Naomi alimtazama Edwin. Edwin alikuwa akitazama ncha ya mwavuli wake.

Ni nani atakayemlaumu kwa neno lile? Alilitunga mwenyewe, mwezi wa pili wa kazi. Mama mmoja mgeni alilia aliposikia, akamshika mkono, akaacha noti kubwa kwenye kikapu. Kamati ikafurahi. Tangu siku hiyo akalisema kila mara, na kila mara likawa tamu zaidi na likawa mbali zaidi na ukweli. Maana ukweli aliuona mwaka wa 1978, akiwa msichana wa miaka kumi na minane, siku walipomweka Zablon kwenye safu ya wanaume. Mama yake, Perez, alimuuliza mchungaji mbele ya watu: na mimi? Mchungaji akamwonyesha upande wa pili wa njia. Perez akakaa chini kwenye majani, akakataa kuinuka mpaka jua likatua. Alitoka kwenye desturi ambayo mke analazwa nyumbani kwake, kando ya mlango wa mumewe. Walimbeba kumrudisha nyumbani kama gunia. Hiyo haikuandikwa kwenye brosha yoyote.

"Ameshasema, ofisa," Edwin akasema. "Kila siku anasema hivyo. Hata leo hakuna mtu amemlazimisha."

"Wewe Edwin!" Sauti ilitoka kwenye ua. Jemutai alikuwa amefika, kanga imejaa makapi ya mahindi, anapumua kwa kishindo. "Nilikufundisha darasa la tano kusoma, sikukufundisha kusomea watu kaburi yao."

"Mwalimu, hii ni ziara ya wageni."

"Ni ziara ya bwana yangu! Amelala pale, safu ya tatu. Ama yeye pia ni mgeni?" Kisha akamgeukia Naomi, akapunguza sauti, na hapo ndipo paliuma. "Na wewe, Apiyo. Miaka kumi na moja unaambia dunia hatuna watu. Ulidhani dunia haisikii?"

Manyunyu yakaanza. Wanafunzi walijikusanya chini ya mti wa mkangazi. Naomi alihisi uchovu ukimpanda kutoka kwenye goti, si wa siku moja, ni wa miaka, kama mtu aliyebeba debe la maji mlima mzima, akafika na kuambiwa kwamba alikosea nyumba.

"Ofisa," akasema. "Hilo neno si kweli. Nililitunga."

"Siwezi kulifuta, Mama. Limechapishwa. Lakini naweza kuandika taarifa mpya, useme la kwanza lilikuwa la uongo, halafu uonyeshe familia ziko wapi. Mmoja mmoja. Na uweke sahihi." Alisita. "Lazima nione. Nikiulizwa ofisini, niseme niliona."

"Kuna daftari la mazishi," Jemutai akasema. "Wamelifungia ofisini."

"Limepelekwa makao makuu," Edwin akasema haraka. "Na Mama Naomi, tuelewane. Ukiandikisha kwamba umekuwa ukidanganya wageni, kamati haiwezi kukuweka tena. Hiyo beji utaiacha hapa hapa."

Beji ndiyo iliyokuwa ikimnunulia dawa za goti na unga. Naomi aliitazama, kipande cha plastiki chenye picha yake ya zamani, akiwa bado na meno yote. Akaivua shingoni, na kwa kuwa Edwin hakunyoosha mkono kuipokea, akaitundika kwenye mwavuli wake.

"Nyumba ya kwanza," akasema kwa sauti ya kazi, ileile ya langoni. "Tutembee polepole, tafadhali. Mawe yana utelezi."

Akaanza upya. Safari hii hakufuata safu, alifuata nyumba. Nyumba ya kwanza: huyu Yona hapa kwa wanaume, mke wake Lea, pandeni huku, kwa waliotangulia waume zao, binti yao Tabitha, vukeni njia, kwa wasioolewa. Ofisa aliandika. Nyumba ya pili. Kupanda, kushuka, kuvuka. Kijiji kile kiliwatawanya watu wake kama mbegu, na kumkusanya baba na mama na mtoto kulitaka kutembea mteremko mzima, na goti lilidai haki yake kila hatua. Wanafunzi walianza kujiondokea wawili wawili kwenda kutafuta chai. Vivian alibaki, akamshikia ofisa kitambaa cha plastiki juu ya faili.

Nyumba ya nne Jemutai alijisemea mwenyewe. Alisimama juu ya mumewe, akaonyesha kwa kidole walipo wakwe zake, mmoja kushoto, mmoja juu. "Na mimi nitakuwa kule kwa wajane," akaongeza, "na yeye huku, na usiku tutapigiana kelele."

Nyumba ya saba. Zablon. Perez, ng'ambo ya njia. Kisha wakashuka mpaka kwenye michongoma, kwa watoto, na Naomi akasimama kwenye jiwe lililoandikwa Ruth, 1962.

"Huyu?" ofisa akauliza.

"Dada yangu. Adongo."

"Hapa imeandikwa Ruth. Nitajuaje ni dada yako?"

"Wewe ni Oluoch," Naomi akasema. "Mimi ni Apiyo. Nyinyi kwenu mmewahi kuona Apiyo aliyezaliwa peke yake?"

Midomo ya ofisa ikacheza kidogo. Huko ziwani pacha wa kwanza ni Apiyo na wa pili ni Adongo, na mtoto yeyote analijua hilo. "Hakuna kisanduku cha hiyo kwa fomu," akasema. Lakini aliandika, na aliandika pembeni, kwa herufi ndogo.

Nane. Tisa. Sauti ya Naomi ilikuwa imekwisha, imebaki upepo. Ofisa akafungua ukurasa mpya.

"Kumi."

Naomi hakusogea.

"Mama? Nyumba ya kumi. Umesema ni stoo, lakini barua inasema nyumba ni kumi na mbili, zote za watu."

Jemutai akainama akaanza kujitoa makapi kwenye kanga, moja moja.

Kuna mambo ambayo watu wa Betania hawayasemi, na wameyanyamazia vizuri sana. Januari ya 2008, fujo za uchaguzi zilipowaka, kundi la vijana liliingia kijijini, wengine wageni, wengine wanajulikana mpaka majina ya mbwa wao. Wakasimama mbele ya nyumba ya kumi, kwa Mama Mungai, wakamuuliza swali lilelile la nchi hii: kaburi lenu liko wapi? Mama Mungai alikimbilia Shamba la Mungu bila viatu. Mume wangu huyu hapa, kwa wanaume! Mtoto wangu yule kule! Wakacheka. Hii si boma, wakasema, hii ni kaburi ya kanisa, kila mtu amelala popote. Familia gani imelala imetupana hivi? Jioni lori likamchukua na wanawe, likawashusha Yamumbi. Jemutai alikuwa amefunga mlango. Naomi hakufunga, alisimama juu ya kizingiti kilichochongwa na baba yake, akatazama, na hakusema kwamba anajua jiwe la mtoto yule, kwamba yeye mwenyewe alibeba maua. Miaka minne baadaye kamati ikampa beji, naye akatafuta neno zuri la kusema kuhusu makaburi hayo hayo.

"Baba ni Samweli," akasema mwishowe. "Safu ya tano. Mtoto yuko huku chini. Jina la mtoto..." Alitembeza macho kwenye mawe. Mengine yalikuwa yameota kuvu mpaka maandishi hayakuonekana. "Nilikuwa nalijua."

"Hujui?" Edwin akasema. Alikuwa amewafuata kimya wakati wote huo. "Basi si yote unayajua."

"Nimelisahau. Nilijitahidi kulisahau, Edwin, na nimefaulu. Hilo pia andika, ofisa."

Ofisa hakuandika hilo. "Nikiandika nyumba moja ni tupu, watauliza kama zingine si tupu pia. Ijumaa napeleka ripoti. Mkipata jina kabla ya hapo, nitaweka. Nikikosa, nitaacha wazi." Akampa kalamu. Naomi akaweka sahihi chini ya taarifa iliyosema kwamba miaka kumi na moja alisema uongo. Nyumba mbili zilizobaki wakazimaliza kwa dakika chache, maana walizikwa wachache.

"Watasemaje huko ofisini?" Jemutai akauliza.

"Sijui, Mwalimu. Sitakudanganya. Mimi nimeona."

Akaenda zake, na Edwin akaenda naye, mwavuli na beji. Vivian alichelewa kidogo. Akamvulia Naomi skafu yake akamfunga nayo goti, akakimbilia wenzake.

Wakabaki wanawake wawili.

"Twende nyumbani," Jemutai akasema. "Umelowa. Hao wa nyumba ya kumi walienda, Apiyo, hata kama utaosha mawe yote mpaka kesho."

Naomi alikuwa amekwishatoa simu. Namba hiyo alikuwa nayo. Alikuwa nayo miaka mingi. Alipewa sokoni na mtu aliyekuja kutoka Yamumbi, akaihifadhi, na hakuipiga hata siku moja, si Krismasi, si msiba. Sasa akaipiga, ikakubali mara ya tatu.

"Mama Mungai? Ni Apiyo. Apiyo wa Betania."

Kwa mbali, redio ilikuwa ikiongea, kisha ikazimwa.

"Naskia," sauti ikasema.

"Nilikuwa nataka kuuliza... yule mtoto. Jina lake. Kuna mtu anaandika majina, na mimi nimelipoteza."

"Mmekuwa mkiuliza majina lini nyinyi?"

Naomi akaibana simu sikioni. Maji yalimtiririka shingoni. Jemutai alisimama karibu, sikio limeinama, mkono mdomoni.

"Sitakwambia kwa simu," Mama Mungai akasema. "Nikikwambia, utaandika, halafu itakuwa imeisha. Huyo mtu anaandika mpaka lini?"

"Ijumaa."

"Basi Alhamisi nitakuja, nionyeshe mwenyewe. Na huyo ofisa awe hapo. Na wewe uwe hapo, Apiyo, usisimame mlangoni."

"Nitakuwa."

"Na asubuhi hakuna gari ya mapema ya kunitoa huku. Nitakuja Jumatano jioni. Nitalala wapi?"

Naomi alimtazama Jemutai, na Jemutai akatazama upande mwingine, kwenye michongoma. Katika kijiji kile nani atamfungulia mlango mwanamke yule, baada ya lori?

"Kwangu kuna kitanda kimoja," Naomi akasema. "Nitalala chini."

Simu ikakatika, hakujua kama ni mtandao au ni hasira. Alikaa kwenye majani yaliyolowa, kwa sababu goti halikukubali tena, na hakutafuta namna ya kuinuka.

"Amesemaje?" Jemutai akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

"Anakuja Jumatano."

Jemutai akavuta pumzi, akafungua kanga yake yenye makapi, akamtandikia begani. Kisha naye, pole pole, akiubembeleza mgongo wake, akakaa.

"Chini ni baridi," akasema. "Nitaleta godoro langu lile la zamani. Lakini uniambie mapema nimwambie nini, kwa sababu mimi mlango nilifunga."